Saa za fahari: mali ya biashara au maficho ya Zaka?



  

Wasomaji wetu wa Pasiansi, Kirumba na Nyamanoro wanajua kwamba ukurasa huu hauna desturi ya kuzungumzia mapambo ya matajiri. Hata hivyo, yapo maneno yanayozunguka hivi sasa miongoni mwa ndugu zetu wanaokwenda Dubai kuleta bidhaa, na miongoni mwa wale ambao Allah (S.W.) amewafungulia riziki kupitia dhahabu na mabondo, nayo yanahusu saa za mkononi. Hatukusudii saa zinazopangwa juu ya meza za Makoroboi, wala Seiko ambayo baba zetu waliivaa miaka thelathini bila kuibadilisha mkanda zaidi ya mara nne. Tunakusudia saa zinazotengenezwa na mafundi wachache wenye kujitegemea, wengi wao wakiwa Uswisi, ambao hutoa idadi maalumu tu, kila moja ikiwa na namba yake. Inasemwa kwamba mwenye kununua moja akaihifadhi kabatini kwa miaka mitano ataiuza kwa bei maradufu, na kwamba mali hii ni bora kuliko nyumba kwa kuwa haina mpangaji msumbufu.

Lau jambo hili lingeishia kwa mwenye fedha zake na kabati lake, tusingetia kalamu kwenye wino. Lakini tumeulizwa kama inafaa watu kumi wachangie saa moja, kisha wagawane faida. Tumeulizwa pia, na hili ndilo lililotuondolea usingizi, kama msimamizi wa mali ya mayatima anaweza kuiweka fedha yao humo ili ikue mpaka watakapobaleghe. Swali hili haliwezi kujibiwa kwa kutikisa kichwa. Yatubidi kwanza tuifahamu bidhaa yenyewe, kwani hukumu ya kitu hufuata ufahamu wa kitu hicho.

Tuanze kwa kusema kwamba Uislamu hauna ugomvi na saa. Sala zetu tano zimefungwa na nyakati, na kwa sababu hiyo Waislamu walitangulia watu wengi katika elimu ya kupima wakati. Al-Jazari alikamilisha mwaka 1206 kitabu chake cha mitambo, ambamo mna saa za maji za ajabu. Ibn al-Shatir, aliyefariki mwaka 1375, alikuwa mtunza nyakati wa Msikiti wa Umawiyya wa Damascus. Taqi al-Din, katika dola ya Uthmaniyya, aliandika juu ya saa za magurudumu na kamani katika karne ya 16. Basi anayedhani kwamba ufundi huu ni wa Wazungu peke yao hajasoma historia yake mwenyewe. Tunayemjadili hapa si fundi wa saa, bali mwenye kuigeuza saa kuwa benki.

Sasa tuitazame bidhaa. Zipo saa za aina hii ambazo bei yake imepanda kweli kweli, na si uadilifu kulikanusha hilo ili hoja yetu ipate nguvu. Mwingereza George Daniels, aliyeishi katika Kisiwa cha Man na kufariki mwaka 2011, alitengeneza saa chache sana kwa mikono yake tangu kipande cha kwanza hadi cha mwisho. Moja ya saa zake za mfukoni iliuzwa London mwezi Julai 2019 kwa zaidi ya pauni milioni 3.6. Philippe Dufour wa Uswisi alianza mwaka 2000 kutoa saa iitwayo Simplicity, saa yenye uso wa kawaida kabisa, na ametengeneza takriban mia mbili tu. Saa yake nyingine, yenye kugonga kengele za saa na robo saa, iliuzwa Geneva mwezi Novemba 2021 kwa zaidi ya Franki za Uswisi milioni 4.7. François-Paul Journe alianzisha karakana yake mwaka 1999 kwa kuwauzia watu ishirini saa ambazo bado hajazitengeneza, wakatanguliza fedha ndipo akapata mtaji. Saa mojawapo ya mwanzo kabisa ya fundi huyo ilifikia Franki milioni 7.3 mnadani mwezi Novemba 2024.

Mifano hii ndiyo inayosambazwa katika simu za vijana wetu. Isiyosambazwa ni mamia ya saa nyingine zenye namba zao na masanduku yao mazuri, ambazo leo haziuziki hata kwa nusu ya bei iliyolipwa dukani. Ilikuwapo kampuni ya Uswisi, Romain Jerome, iliyopata sifa kwa saa za idadi maalumu zilizosemekana kuchanganywa chuma cha meli ya Titanic. Mwaka 2008 ilitoa saa ya dola 300,000 ambayo haikuonyesha saa. Ilimjulisha mwenyewe jambo moja tu, kwamba sasa ni mchana au sasa ni usiku! Jambo hilo kuku wa Pasiansi analijua bila ya kulipwa. Kampuni hiyo ilifilisika mwaka 2020, na waliobaki na saa zake wakabaki pia na swali la nani atazitengeneza zikiharibika.

Hivyo basi, idadi ndogo peke yake haitoi thamani. Kiatu kimoja kilichokosa mwenziwe nacho ni kichache. Wanaozijua saa hizi hutazama mambo ambayo mnunuzi wa mbali hawezi kuyatazama. Hutazama kama kazi imefanywa na mkono wa fundi mwenyewe au kama amenunua mashine ya kiwandani akaipaka jina lake. Hutazama ukingo wa kila kipande kwa darubini, waone kama umesuguliwa kwa mkono. Hutazama uso wa saa kama ni ule ule wa awali, akrabu kama hazikubadilishwa, mwili wa saa kama haukupigwa msasa na fundi wa mtaani kwa nia njema ya kuung'arisha, kwa kuwa msasa huo mmoja huondoa sehemu kubwa ya bei. Hutaka hati, risiti na barua ya karakana. Kisha huuliza swali zito kuliko yote: fundi huyu akifa, nani atakayeijua mashine yake? Daniels alimwacha Roger Smith aliyejifunza kwake. Si kila fundi anamwacha mtu. Saa ya mashine huhitaji kufunguliwa na kutiwa mafuta kila baada ya miaka michache, na ile ambayo vipande vyake vilichongwa kwa mkono haina kipuri dukani.

Nani hapa Mwanza anayeweza kuyapima hayo? Tunao mafundi saa hodari, wenye vibanda vyao na miwani ya jicho moja, na tunawaheshimu. Lakini hata wao watakuambia kwamba kitu ambacho hujawahi kukifungua huwezi kukikadiria.

Katika jamii yetu ya Waswahili mfano ulio karibu zaidi ni ule wa Oman. Sultani Qaboos bin Said, aliyetawala tangu mwaka 1970 hadi alipofariki mwezi Januari 2020, alikuwa na ada ya kuwatunuku waliomtumikia saa za mkononi, nyingi zikiwa za Rolex, zilizoagizwa kupitia duka la Asprey la London. Usoni mwake ilitiwa nembo ya khanjari. Waliozipokea ni pamoja na maofisa wa Kiingereza waliopigana katika vita vya Dhofar. Rolex ni kiwanda kikubwa mno, hakihesabiki miongoni mwa mafundi wa kujitegemea, lakini saa zile za khanjari zilikuwa chache na hazikuuzwa kwa mtu yeyote dukani, kwa hiyo leo zinagombewa Geneva na London. Wapo ndugu zetu wenye asili ya Zanzibar na bara waliorejea Maskati baada ya 1970, wakaajiriwa serikalini, na bado tunazungumza nao Kiswahili kwenye simu. Kila familia ya namna hiyo sasa inajiuliza ikiwa mzee aliacha kitu ndani ya mtoto wa meza.

Tazameni funzo lililomo. Aliyepewa saa ile hakuwekeza chochote, alitumikia akatunukiwa. Saa ilipata thamani kwa sababu ya historia ya mtu na dola, na historia hiyo hainunuliwi ikiwa mpya. Isitoshe, mara tu bei zilipopanda, zikazuka nyuso za bandia, khanjari ikapigwa juu ya saa ambayo haikuwahi kufika Oman. Leo mwenye saa ya kweli anatakiwa kuithibitisha, na mzee aliyeweza kuithibitisha ameshazikwa.

Kuhusu kupanda kwa bei kwa jumla, tunapenda kutanabahisha jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Wakati wa maradhi ya Korona, watu wa nchi tajiri walikaa majumbani na fedha zao, na bei za saa katika soko la mtumba zikapaa hadi mwanzoni mwa mwaka 2022. Baada ya hapo zikaanza kushuka, zikaendelea kushuka mwaka 2023 na 2024. Saa za mafundi wachache mashuhuri zilisalimika, nyingine hazikusalimika. Mwenye kununua kileleni kwa kuambiwa kwamba bei haishuki alinunua maneno.

Sisi wa kando ya ziwa tulipaswa kuwa wa mwisho kudanganyika kwa hili. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu, sangara yule yule aliyekuwa mali Jumatatu akawa mzigo Ijumaa. Ziwa halikuwa limebadilika wala nyavu. Aliyebadilika ni mnunuzi, na mnunuzi yuko mbali. Bondo nalo liko hivyo. Hapa kwetu hatulili kwa wingi, bei yake inapangwa na mlaji wa China na Hong Kong, na kila mfanyabiashara wa Mwaloni anajua usingizi wa mtu aliyejaza ghala kisha akasikia kwamba ng'ambo hawapokei. Lakini bondo, hata bei ikianguka, lina soko la kila siku na mizani ya kila siku. Saa ya nambari saba kati ya ishirini ina soko mara mbili kwa mwaka, katika ukumbi wa mnada, mbele ya watu wasiozidi wachache duniani wanaoitaka. Wawili kati yao wakichoka, hakuna bei.

Na kuhusu watu kumi kuchangia, tunawakumbusha DECI. Ilipozimwa mwaka 2009, waliopanda mbegu wakasubiri kuvuna walikuwa wa dini zote, ingawa waliokuwa mbele ni wachungaji. Hatusemi kwamba mwenye kuuza saa ni sawa na DECI, kwani saa ipo na inashikika. Tunasema kwamba mchango unaokusanywa kwa maneno ya faida ya hakika, bila ya mkataba ulioandikwa, bila ya kujulikana nani anashika mali na nani anabeba hasara, hauhitaji saa ili uwe batili. Ushirika halali katika fiqhi una masharti yake. Faida hugawanywa kwa uwiano waliokubaliana, hasara hubebwa kwa kiasi cha mtaji wa kila mmoja, na hakuna anayedhaminiwa mtaji wake. Aya ya 282 ya Suratul-Baqara imetuamrisha kuandikiana madeni, nasi tunaandikiana ujumbe wa simu wenye picha za moto na mikono iliyofumbwa.

Tufanye hesabu, kwani hesabu haina upendeleo. Tuchukulie kwa mfano kwamba nyundo ya mnadi imeanguka kwenye shilingi milioni 80. Nyumba za mnada humtoza mnunuzi nyongeza ya robo ya bei au zaidi, kwa hiyo atalipa milioni 100. Akiileta nchini kwa njia ya halali, kuna ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Tuyaache hayo kando, tuseme imebaki ng'ambo. Siku atakapoiuza, nyumba ya mnada humtoza na muuzaji, tuseme asilimia 10. Ili arejeshewe milioni zake 100 tu, nyundo itabidi ianguke kwenye milioni 111. Maana yake bei ipande kwa asilimia 39 ndipo arudi pale alipoanzia, bila ya faida ya senti, na bila ya kuhesabu bima, matengenezo na nauli.

Hapo hatujaigusa Zaka, na Zaka ndiyo kiini cha maneno yetu.

Saa ambayo mtu ameinunua kwa ajili ya kuivaa, hata ikiwa ghali, ni chombo cha matumizi kama nguo na kipando chake, na wanavyuoni hawakuweka zaka juu yake, madamu si ya dhahabu wala fedha. Lakini saa aliyoinunua kwa nia ya kuiuza apate faida ni mali ya biashara. Mali ya biashara ikifikia nisabu, nayo kwa dhahabu ni gramu 85, na ukapita mwaka wa Hijiria, hutathminiwa kwa bei ya soko ya siku ile na hutolewa asilimia mbili na nusu. Hivyo ndivyo walivyosema jumhuri ya wanavyuoni. Mwaka unaofuata hutathminiwa tena, na hutolewa tena, mpaka iuzwe.

Sasa mtazameni ndugu yetu mwenye kabati. Mbele ya washirika wake anasema huu ni uwekezaji, na bei imeshafika maradufu. Anapokuja mkusanyaji wa Zaka mwezi wa Ramadhani anasema hii ni saa yangu ya kuvaa. Nia mbili kwa kitu kimoja, moja ya kuhesabia utajiri na nyingine ya kukimbilia haki ya masikini! Tunasema wazi kwamba mwenendo huu ni wa hila, na Allah (S.W.) anazijua nia kabla ya ndimi. Aliyeiweka katika sanduku la karakana, hajaivaa hata siku moja asije akaikwaruza, anaitazama bei yake kila wiki, huyo hawezi kusema ni chombo cha matumizi. Kutoivaa kwake ni ushahidi juu yake.

Mwenye nia safi atakutana na ugumu mwingine, nao ndio unaotufanya tuione biashara hii haimfai Muislamu wa hapa kwetu hata inapokuwa halali. Zaka ya mali ya biashara inahitaji bei. Muuza kanga wa Soko Kuu anajua bei ya kanga. Mchimbaji wa Geita, tangu yalipofunguliwa masoko ya madini mwaka 2019, anaweza kuiuliza bei ya gramu asubuhi na kuijua kabla ya adhuhuri. Mwenye saa moja kati ya ishirini atamuuliza nani? Saa kama yake huenda haijauzwa kwa miaka mitatu. Akichukua bei ya juu aliyoisikia, anajidhulumu. Akichukua ya chini, anawadhulumu mafakiri. Na fedha ya kuitolea atapata wapi, ilhali saa haizai, haina kodi ya pango, haitagi yai? Atatoa katika mfuko mwingine, milioni mbili na nusu kila mwaka kwa saa ya milioni mia, na kwa miaka kumi, bei ikisimama pale pale, ni robo ya thamani. Hii ni hekima kubwa ya Zaka. Inaisukuma mali itoke kabatini iende sokoni, ijenge, ilime, iajiri. Mali iliyolala huliwa kidogo kidogo, na imekusudiwa iwe hivyo.

Kwa hapa ndipo lilipo jibu la mali ya mayatima. Imepokewa kutoka kwa Umar bin Al-Khattab (R.A.) agizo la kuzifanyia biashara mali za mayatima ili zisiliwe na zaka. Msimamizi anayeitoa fedha ya yatima akanunua kitu kisichozaa, kisichojulikana bei, kinachoweza kuporwa na mwizi mmoja kwa dakika moja, amefanya kinyume cha agizo hilo. Hafai hata kama mwaka huu bei imepanda. Fremu ya duka iliyopangishwa Kitangiri, yenye hati na mpangaji msumbufu, ni bora kwa yatima kuliko saa ya Geneva, kwa sababu kila mwezi inatoa ada ya shule na kila mwaka inatoa kitu cha kutolea zaka. Mwenye kutaka kubahatisha na abahatishe na cha kwake.

Yapo mambo mengine tutayapitia kwa ufupi. Mwanamume wa Kiislamu haruhusiwi kuvaa dhahabu, na saa ya dhahabu imo katika katazo hilo. Wengine hukimbilia dhahabu nyeupe wakidhani wamesalimika. Dhahabu nyeupe ni dhahabu ile ile iliyochanganywa na madini mengine hata ikabadilika rangi, na hukumu haibadiliki kwa rangi. Platinamu ni madini mengine kabisa, na hilo halimo katika katazo. Fundi kijana Rexhep Rexhepi, aliyefika Uswisi akiwa mtoto wa mkimbizi kutoka Kosovo, alitoa mwaka 2018 saa hamsini, nusu za platinamu na nusu za dhahabu nyekundu. Basi hata ndani ya toleo moja mtu atazame anashika ipi. Mwanamume aliyerithi saa ya dhahabu ana haki ya kuimiliki, kuiuza au kumpa mkewe, lakini asiivae. Na madamu haijuzu kwake kuivaa, asidai kuwa ni pambo la matumizi, bali dhahabu iliyomo ihesabiwe pamoja na dhahabu na fedha zake nyingine katika nisabu.

Ipo tabia ya kuandikisha jina katika orodha ya fundi, kulipa arubuni, kisha kuiuza nafasi ile au kuiuza saa yenyewe kwa bei kubwa kabla haijatengenezwa. Kuagiza kitu kitengenezwe kwa sifa zilizobainishwa kunajuzu. Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu lilikipitisha kikao chake cha Jeddah mwaka 1992 kwa masharti yanayojulikana. Ama kuuza usichokishika, Mtume (S.A.W.) alimkataza Hakim bin Hizam (R.A.), na katazo lile linamhusu pia mwenye risiti ya Geneva mfukoni. Mnada wenyewe una asili katika Sunna, kwani imepokewa kwa Anas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alinadi nguo na bakuli ya mtu mhitaji. Kilichokatazwa ni najshi, yaani kupandisha dau kwa asiyetaka kununua. Nyumba nyingi za mnada za Ulaya na Marekani huandika katika masharti yao kwamba mnadi anaweza kutaja dau kwa niaba ya muuzaji mpaka ifikiwe bei ya chini waliyokubaliana kwa siri. Wao hawaoni aibu kuliandika. Sisi tunaona linafanana mno na kile tulichokatazwa, na tunawaomba wanavyuoni wetu walitazame.

Tumeletewa pia picha ya saa ya karakana ya Parmigiani, yenye kalenda ya Hijiria, iliyopewa tuzo Geneva mwaka 2020, pamoja na hoja kwamba hii angalau ni saa ya dini. Ni kazi ya mikono yenye ustadi, hatubishi. Ila kalenda yake inakwenda kwa hesabu ya mzunguko wa miaka thelathini, kumi na moja kati yake ikiwa na siku 355, na haiutazami mwezi. Nasi ambao kila Ramadhani tunabishana kuhusu mwandamo wa hapa na wa kule hatukuhitaji mgomvi wa tatu kutoka Uswisi. Saa ndogo ya betri inayoadhini inamtosha mtu wa Igombe, na masalio ya fedha yakachimba kisima.

Juu ya kujionyesha hatutarefusha. Mwezi Juni 2024 vijana wa Kenya walipoingia barabarani kupinga muswada wa fedha, miongoni mwa vilivyowachoma ni picha za saa na viatu vya wanasiasa wao. Watu wenye njaa huisoma saa ya kiongozi wao kwa namna nyingine kabisa, na kiongozi wa msikiti hana kinga katika hilo.

Ama waliokwisha nunua, hatuwaambii wazitupe ziwani. Kwanza wajiulize nia, waiandike pamoja na tarehe ya Hijiria ya ununuzi. Ikiwa ni ya biashara, watafute bei ya mauzo halisi yaliyofanyika, si bei inayotangazwa na wenye kutaka kuuza, watoe zaka ya miaka iliyopita waliyoiacha, kisha wakipata mnunuzi mwadilifu wauze. Wawajulishe warithi wao mahali ilipo na zilipo hati zake, kwa kuwa kitu kisicho na bei inayojulikana ndicho kinachogombanisha watoto katika mirathi. Mwana mmoja huichukua kwa kisingizio kwamba ni kumbukumbu tu ya baba, dada zake wakakubali kwa kutojua, na baada ya miaka miwili inaonekana Geneva. Ikifika siku ya kugawa, isigawiwe kwa kukisia. Iuzwe kwanza, deni na wasia vilipwe, kisha kila mrithi apewe fungu lake kwa shilingi, na dada apokee lake mkononi mwake mbele ya mashahidi.